Timazi kwenye uzi au chenga za rangi? Njia mbili za kuwaonyesha wanafunzi jinsi macho mawili yanavyoona kitu kikija

Kama una kipindi kimoja, wanafunzi hamsini na umeme usiotabirika, chukua timazi la fundi mwashi (kile kizito cha kupimia unyoofu wa ukuta), uzi, na kioo kimoja cha miwani ya jua. Kama una vipindi viwili, projekta, na darasa lililokwisha kuuliza "sasa ubongo unajuaje?", ongeza chenga za rangi, yaani nukta za kubahatisha zinazorushwa ukutani, lakini zije baada ya timazi, zisilitangulie. Vyote viwili nimevifanya mara nyingi kwenye klabu ya sayansi ya shule ninayofundisha huku Uyole, Mbeya, na walimu wenzangu kutoka Tukuyu hadi Mafinga wamekuwa wakiniuliza waanze na kipi. Jibu fupi ni hilo. Jibu refu lina mambo ambayo mimi mwenyewe nilichelewa kuyaelewa, na moja kati ya hayo nilifundishwa na mwanafunzi.

Tunachotaka kuonyesha ni hiki. Picha inayoingia kila jicho ni bapa. Macho ya mtu mzima yameachana kwa kama milimita 63, kwa hiyo kila jicho linaona vitu kutoka mahali pake, na ubongo unazilinganisha picha hizo mbili. Mwaka 1838 Charles Wheatstone wa Uingereza alieleza kifaa chake cha vioo, stereoskopu, akaonyesha kwamba ukilionyesha kila jicho mchoro wake bapa, ukiwa umetofautiana kidogo na wa jicho la pili, mtu anaona kitu chenye kina. Hilo ni la vitu vilivyotulia. Sisi tunataka vinavyotembea: mpira wa rede unaokujia usoni, ndoo inayopanda kutoka kisimani, mkono wa rafiki anayekurushia embe.

Kwa kitu kinachotembea ubongo una njia mbili za kutumia macho yote mawili. Ya kwanza ni kupima tofauti ya nafasi: kitu kiko wapi kwenye picha ya kushoto, kiko wapi kwenye picha ya kulia, na tofauti hiyo inabadilikaje kadiri muda unavyokwenda. Ya pili ni kupima tofauti ya mwendo: picha ya kushoto inakimbia kwa kasi gani na kuelekea wapi, ya kulia nayo vipi, kisha kasi hizo zinalinganishwa. Kwenye karatasi ya hisabati njia hizi ni kitu kimoja, maana ukiijua moja umeijua nyingine. Kichwani si kitu kimoja. Uchaguzi wote kati ya timazi na chenga umelalia hapo, na ndiyo maana siwezi kusema tu kwamba hiki ni kizuri na kile ni kibaya.

Kabla ya kifaa chochote huwa tunatoka nje tukacheze rede dakika tano. Wale wasioijua: wawili wanarushiana mpira, mmoja yuko katikati anaukwepa. Namwuliza aliyekuwa katikati alijuaje kuwa mpira ule ulikuwa wa kumpiga na si wa kupita pembeni. Hawajui. Wanasema "niliuona tu." Basi nawachorea ardhini. Mpira ukija katikati ya macho, jicho la kushoto linauona ukikimbilia kulia na jicho la kulia linauona ukikimbilia kushoto. Ukija moja kwa moja kwenye jicho la kushoto, jicho hilo halioni ukihama hata kidogo, linauona ukikua tu, huku jicho la kulia likiuona ukikimbilia kushoto. Ukiwa wa kupita pembeni ya kichwa, macho yote mawili yanauona ukikimbilia upande mmoja, ila kwa kasi zisizolingana. Mtoto wa miaka kumi anayekwepa mpira amefanya hesabu hiyo kabla hajavuta pumzi.

Jicho moja nalo si kipofu kwa jambo hili, maana kitu kinachokuja kinakua machoni, na ukuaji huo peke yake unatosha kukadiria muda uliobaki. Kwa hiyo mpira wa rede hauthibitishi chochote kuhusu macho mawili. Unahitaji kitu kinachoonekana kikija na kurudi bila kubadilika ukubwa, tena ikiwezekana kitu ambacho kwa kweli hakiji wala hakirudi.

Timazi linafanya hivyo hasa. Unalining'iniza, unalibembeza kushoto na kulia mbele ya wanafunzi, na kila anayetazama anaona kushoto na kulia. Kisha wanaweka kioo cheusi mbele ya jicho moja, la pili linabaki wazi, na yote mawili yanabaki yamefunguliwa. Timazi linaacha kwenda kushoto na kulia. Linazunguka. Linapita mbele, linapita nyuma, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Kioo kikiwa jicho la kushoto, linapokwenda kulia linapita nyuma na linaporudi kushoto linapita mbele, yaani anayelitazama kutoka darini angesema linafuata mishale ya saa. Hamishia kioo jicho la kulia na linageuza papo hapo.

Sababu ni kwamba jicho lililofunikwa kioo cheusi linapata mwanga kidogo, na jicho lenye mwanga kidogo linachelewa kupeleka habari ubongoni. Linachelewa kidogo sana, milisekunde chache, kwa kioo cheusi kweli kama kumi hivi. Lakini timazi halingoji. Wakati jicho lililo wazi linaliona hapa, jicho lililochelewa bado linaliona pale lilipokuwa. Ubongo unapata nafasi mbili za kitu kimoja, na tafsiri pekee unayoijua kwa nafasi mbili ni kina.

Huwa nawapa hesabu, na ni hesabu ya kidato cha nne kabisa. Uzi wa mita 1 unabembea kwenda na kurudi kwa sekunde 2. Ukilivuta sentimita 30 pembeni, likipita katikati lina kasi ya sentimita 94 kwa sekunde. Kwa milisekunde 10 limekwenda milimita 9 na ushee. Mwanafunzi ameketi mita 2, macho yake yameachana milimita 63. Chora mistari miwili kutoka machoni na uone inakutana wapi: sentimita 35 nyuma ya uzi linapokwenda upande mmoja, sentimita 26 mbele yake linaporudi. Zaidi ya nusu mita ya kina, kwa sababu ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Na kwenye ncha mbili za bembea kasi ni sifuri, kwa hiyo kuchelewa hakuna la kuonyesha, kina kinakwisha, na ndiyo maana njia inaonekana duara lililobanwa, si kitu kingine. Mwanafunzi aliyeiona njia hiyo kwa macho yake na kisha akaipata kwa kalamu hataisahau. Nimeona wanafunzi waliokuwa wakisinzia wakigombania ubao.

Sasa kasoro zake, maana mara ya kwanza nililiharibu. Nilifunga uzi mmoja kwenye msumari, nikavuta timazi, na kabla sijagawa kioo mwanafunzi wa mbele akasema, "Mwalimu, mbona tayari linazunguka?" Alikuwa sahihi. Uzi mmoja haulindi upande wowote, na mkono ukilisukuma kombo kidogo linazunguka kwelikweli. Siku hizi nalaza papi mbili juu ya makabati mawili, moja karibu na wanafunzi na nyingine nyuma yake, na timazi linaning'inia kwa nyuzi mbili zinazokutana chini kama herufi V inayotazama darasa kwa ubavu. Hapo haliwezi kwenda mbele na nyuma hata likitaka. Mwanafunzi mbishi anaruhusiwa kuja kuligusa na kuhakikisha. Uthibitisho huu ni nusu ya somo.

Timazi la shaba halionekani vizuri, linameta mahali pamoja tu, kwa hiyo nililipaka chokaa. Chini yake, katikati, nasimamisha chaki juu ya kopo, na wanafunzi nawaambia watazame chaki, wasilifuate timazi kwa macho. Wakitazama chaki wanaliona likipita mbele yake na nyuma yake, na makelele yanaanza. Jambo jingine ni nafasi ya kuketi. Aliyekaa pembeni haoni vizuri. Kwa darasa kubwa naita kumi na mbili kwa zamu, na kwa wanafunzi hamsini inanila dakika arobaini. Kioo nakitoa kwenye miwani ya jua ya shilingi 3,000 ya Soko la Mwanjelwa. Nunua nyeusi kupita zote. Dada anayeniuzia aliniuliza kwa nini namwomba miwani ambayo mtu hawezi kuvaa akaona njia, nikamweleza, na sasa ananiwekea zilizovunjika mkono kwa nusu bei.

Kuna asubuhi moja ya Juni nisiyoisahau. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye uwanja wa mpira, darasani giza, na umeme haukuwepo. Nilidhani tutaahirisha. Timazi likazunguka kwa upana kuliko siku zote. Ni jambo linalojulikana: mwanga wa jumla ukipungua, kuchelewa kwa jicho lililofunikwa kunaongezeka. Kwa shule zetu za nyanda za juu hii ni faida ambayo projekta haikupi.

Chenga za rangi ni jambo tofauti kabisa. Kila aliyewahi kukaa mbele ya televisheni yenye antena mbovu anazijua chenga. Mwenzangu anayefundisha kompyuta aliandika programu fupi kwa Python inayojaza ukuta nukta nyekundu na za samawati. Wanafunzi wanavaa miwani ya boksi, upande mmoja karatasi angavu nyekundu, upande wa pili samawati, hivyo kila jicho linaona nukta za rangi moja tu. Wazo la nukta za kubahatisha ni la Béla Julesz, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi kwenye maabara ya Bell Labs huko Marekani. Mwaka 1960 alionyesha kwamba umbo linaweza kufichwa kabisa kwa kila jicho peke yake na bado likaonekana pale macho mawili yanapoungana.

Programu yetu ina seti mbili. Kwenye seti ya kwanza nukta zote zinafutwa na kuchorwa upya kila picha mpya inapokuja, ila za kushoto na za kulia zinalingana, na katikati ya ukuta zimesogezwa kidogo, na kiasi hicho cha kusogezwa kinaongezeka na kupungua. Fumba jicho moja: chenga tupu, hakuna kinachotembea. Fungua yote: mraba unatoka ukutani polepole, unarudi, unatoka. Hapa hakuna mwendo wowote ndani ya jicho moja, kwa sababu hakuna nukta inayoishi muda wa kutosha kutembea. Kilichobaki ni tofauti ya nafasi inayobadilika, njia ya kwanza peke yake.

Seti ya pili inafanya kinyume. Nukta za jicho la kushoto hazina wenza kwenye jicho la kulia, kila jicho lina zake, kwa hiyo hakuna nafasi za kulinganisha. Lakini zote za kushoto zinateleza kulia na zote za kulia zinateleza kushoto. Ukiuliza "kitu kiko umbali gani?", hakuna jibu. Na bado kuna hisia ya wazi kwamba kinakuja. Watafiti Rokers, Cormack na Huk walilifanya hili kwa ustadi zaidi mwaka 2008: walitumia nukta ambazo nyeupe ya jicho moja inakutana na nyeusi ya jicho la pili, jambo linalovuruga hisia ya umbali, na watazamaji wakaendelea kuona mwendo wa kuja na kurudi. Ni njia ya pili, ikiwa imebaki karibu peke yake.

Timazi haliwezi kukupa hayo. Jicho lililochelewa linaliona timazi mahali pa nyuma kidogo, na pia linaliona likiwa na kasi ya nyuma kidogo, kwa hiyo tofauti ya nafasi na tofauti ya mwendo zinakuja zimefungwa pamoja, na hakuna kisu cha kuzitenganisha. Mwanafunzi akikuuliza ubongo umetumia ipi, kwa timazi unabaki kumtazama. Kwa chenga unamwonyesha.

Lakini gharama yake ni kubwa, na sizungumzii pesa tu. Seti ya kwanza inahitaji subira. Baadhi wanaona mara moja, wengine wanakodoa macho nusu dakika kabla mraba haujatoka, na wachache hawauoni kabisa na wanaanza kuitikia tu kwa sababu wenzao wameitikia. Tulipoharakisha mraba ukasambaratika ukawa chenga tena. Seti ya pili ilivumilia haraka hiyo bila shida. Hilo linakubaliana na kazi iliyochapishwa mwaka 2010 na kundi lilelile pamoja na Czuba: njia ya tofauti ya mwendo ndiyo inayobeba mzigo mkubwa kitu kikienda kasi na kikiwa mbali na pale macho yanapotazama. Kwa mpira wa rede unaotokea pembeni kwa nguvu, basi, ningesema mwokozi wako mkubwa ni njia ya pili, na seti ya kwanza, ingawa ndiyo inayosifiwa kwa uzuri wake, inafundisha mlango ambao mwili unautumia kwa mambo ya polepole.

Halafu kuna mtego ambao karibu unifanye nifundishe uongo. Karatasi nyekundu tuliyonunua ilikuwa nyeusi zaidi kuliko ya samawati. Mwanafunzi mmoja alisahau kuvua miwani ya boksi akatazama timazi lililobaki linabembea kutoka kipindi kilichopita, akapiga kelele kwamba linazunguka. Miwani yetu ya rangi ilikuwa imeshakuwa kioo cheusi cha jicho moja. Kila kitu kinachotembea kwenye ukuta kilikuwa kinapewa kina cha ziada ambacho programu haikukiweka. Tangu siku hiyo, kabla ya chenga, tunachora ukutani mstari mmoja wa wima unaokwenda kushoto na kulia, tunapunguza mwanga wa samawati kidogo kidogo mpaka mstari uonekane unatembea juu ya ukuta wenyewe, si mbele wala nyuma. Ukiruka hatua hii usifanye chenga kabisa. Rangi kuvuja, yaani jicho la kushoto kuona kivuli cha nukta za kulia, ni tatizo dogo zaidi. Kunja karatasi mara mbili na vitenge viwili dirishani, linapungua.

Kwa umbali, vyote viwili ni vya chumbani. Tofauti kati ya picha za macho mawili inapungua kwa mraba wa umbali. Kijana mmoja ambaye kaka yake anaendesha bodaboda aliniuliza kama hiki ndicho dereva anachotumia kupita semi kwenye barabara kuu. Tukapiga hesabu pamoja: lori likiwa mita 100, likikaribia kwa mita 10 nzima, tofauti hiyo inabadilika kwa kama sekunde 14 tu za pembe (sekunde ya pembe ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), kiasi ambacho hata macho mazuri yanakihisi kwa shida. Barabarani kwa umbali huo dereva anategemea ukubwa wa lori unavyokua, na ukuaji huo nao ni mdogo mno mpaka muda unapokuwa umebaki kidogo. Alinyamaza. Sikuongeza neno.

Sasa lile nililofundishwa. Mwaka wa pili wa kufanya haya, binti mmoja wa kidato cha tatu aliweka kioo jicho la kushoto, akaweka la kulia, akarudia, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi naliona linaenda kushoto na kulia tu." Wenzake wakacheka. Nilisimamisha somo nikawaeleza habari ya mtu ambaye tukio hili limepewa jina lake, Carl Pulfrich, mwanafizikia wa Ujerumani aliyefanya kazi kampuni ya Carl Zeiss huko Jena, akitengeneza vifaa vya kupima kina kwa kutumia macho mawili. Alichapisha maelezo yake mwaka 1922. Jicho lake moja lilikuwa limepoteza uwezo wa kuona miaka mingi kabla ya hapo, kwa hiyo yeye mwenyewe hakuwahi kuliona timazi likizunguka. Wengine ndio walioliona, na maelezo ya kuchelewa kwa jicho aliyapata kwa mwenzake kazini, Ferdinand Fertsch, akasema hivyo waziwazi. Darasa lilitulia. Binti akauliza kama anaweza kuwa yeye ndiye anayeandika matokeo ya wenzake, na tangu siku hiyo daftari ni lake.

Nilizungumza na mama yake. Aliniambia binti alikuwa na makengeza akiwa mdogo, yakanyooka yenyewe, hakuna aliyemwangalia tena. Tukampeleka kliniki ya macho, maana timazi si kipimo na mimi si daktari. Naliandika hapa kwa ajili ya walimu wa shule za msingi hasa: mtoto ambaye jicho moja limezembea anasaidika zaidi akigunduliwa mapema. Na kama ni mtu mzima ambaye ghafla anaona magari au watu wakipinda njia bila kuvaa kioo chochote, awahi kuonwa, kwa sababu mtoto wa jicho upande mmoja au ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa jicho unaweza kumfanyia kile tunachokifanya kwa miwani ya Mwanjelwa.

Zilipokuja chenga, seti ya kwanza hakuiona. Mraba haukutoka. Seti ya pili akanyanyua kichwa akasema, "Hizi zinanijia."

Mwenzangu wa kompyuta alikuwa na shaka, na shaka yake ilikuwa na msingi. Alisema huenda binti anatumia jicho moja tu, ameshajifunza kwamba nukta zikiteleza kulia jibu ni "zinakuja". Basi tukachanganya aina nne: zinazokuja, zinazorudi, na mbili ambamo nukta za macho yote mawili zinateleza kulia, au zote kushoto, kitu kinachoonekana kama pazia linalovutwa pembeni. Kwa jicho la kushoto peke yake, "zinakuja" na "zinavutwa kulia" ni kitu kilekile kabisa, na kwa jicho la kulia peke yake ndivyo ilivyo kwa "zinakuja" na "zinavutwa kushoto". Anayetumia jicho moja angebaki kubahatisha. Tulimpa kumi, mpangilio ukichaguliwa na kompyuta, sisi tukiwa tumeupa ukuta mgongo. Alipata tisa. Kupata tisa au zaidi kati ya kumi kwa kurusha shilingi kunatokea mara 11 katika 1,024, na hesabu hiyo aliipiga mwenyewe kwenye daftari lake kabla hatujamwambia chochote. Baadaye nilisoma kwamba watafiti nao wamewahi kukuta watu wenye historia ya makengeza ambao kina cha vitu vilivyotulia hakiwaingii lakini mwendo wa kuja na kurudi wanauona.

Kwa hiyo nimebadilisha namna ninavyowashauri wenzangu. Zamani nilisema kama huna projekta hujakosa kitu. Sasa nasema anza na timazi kwa kila darasa, kila mwaka, kwa sababu ni la wote, linaeleweka kwa kalamu, na halidai umeme. Na kama kuna hata mwanafunzi mmoja ambaye timazi limekataa kumzungukia, tafuta projekta, azima hata kanisani, na umwekee seti ya pili. Usimwekee ya kwanza kwanza kama nilivyofanya mimi.

Alipofunga daftari siku ile aliniuliza, "Kwa hiyo ubongo wangu unajua kitu kinakuja, hata kama haujui kiko wapi?" Nikamwambia ndivyo matokeo yake yanavyoonyesha, ila kumi ni chache. Ijumaa iliyofuata alikuja na orodha ya mipangilio mia moja.